Kiingereza cha Mstari wa Juu

Mjukuu wangu alijifunza Kiingereza kwenye majani chai. Darasani kilimshinda. Anayetaka kucheka acheke, lakini mimi nilikuwepo, na kikapu kilikuwa mgongoni mwangu.

Shamba letu liko nje ya Litein, kwenye mteremko unaoshuka hadi mtoni. Mstari wa juu kabisa unaanzia kwenye mti wa grevilea, unapita nyuma ya choo na kuishia kwenye ua wa ng'ombe. Ndio wa kwanza kupandwa na marehemu mume wangu, kwa hivyo miti yake ni ya zamani, minene, na hakuna mmoja unaofanana na mwingine. Huu una kuvu shingoni kama ndevu. Ule ulivunjwa mkono na mvua ya mawe, ukapona umepinda. Mwingine nyigu hawaachi kujenga kiota ndani yake. Mtu akichuma mahali pamoja miaka na miaka anaijua miti kama anavyojua watoto wa jirani: huyu mkaidi, huyu mvivu, huyu anatoa vizuri.

Mimi shule niliiachia darasa la pili. Kikipsigis nilizaliwa nacho, Kiswahili nilikipata sokoni na kanisani. Kiingereza nilikisikia jinsi mtu anavyosikia mvua kwenye mabati. Unajua inanyesha, lakini haikuambii kitu.

Binti yangu, mama ya huyu mtoto, aliuawa na chai. Wengine watasema ni kifua. Alikuwa akichuma kwenye shamba kubwa la kampuni, akilala kambini. Anatoka na umande, anarudi na mvua, na ile aproni ya nailoni inayakinga maji kifuani na kuyamwaga yote miguuni. Alikohoa msimu mzima. Walipomleta nyumbani alikuwa mwepesi hata nilimbeba mwenyewe kutoka barabarani kama ninavyobeba kuni. Tukampeleka hospitali, madaktari wakajitahidi, akafa. Hakuwa ameolewa, na kwetu mtoto aliyezaliwa hivyo ni wa boma la babu yake, hakuna wa kuja kumdai. Nikamchukua, hajaanza hata shule. Nikasema mbele ya kaburi, na watu walinisikia: huyu hatabeba kikapu cha kampuni. Mimi nikisema kitu hivyo, nimesema.

Sasa kule shuleni kulikuwa na kibao, kipande cha mbao chenye tundu na kamba. Ukisikika unaongea Kikipsigis unavalishwa shingoni, na unatembea nacho mpaka umnase mwenzako naye akikosea, umpe. Anayebaki nacho jioni anachapwa. Mtoto wangu hakuwa mjanja wa kuvizia wenzake. Alirudi nyumbani na alama ya kamba shingoni kama ndama aliyefungwa vibaya. Halafu siku moja wakaandikishwa insha juu ya watu wa nyumbani kwao, akaitwa aisome mbele ya darasa. Alitaka kusema mama yake alikufa. Kiingereza chake kikaenda kombo pale, ikawa ni kama mama yake yuko katika kufa, leo na kesho, hajamaliza. Darasa likacheka. Walikuwa watoto, na watoto hucheka. Lakini yeye tangu siku hiyo alifunga mdomo. Kiingereza kimemwaibisha, Kikipsigis kina kibao, basi akakaa shuleni kama gunia la mahindi.

Akarudishwa darasa la saba. Mwalimu mkuu hakutaka watoto dhaifu wafike la nane wakaishushe shule kwenye mtihani wa mwisho. Akarudia. Na mwanangu wa kiume, ambaye ndiye mwenye shamba tangu baba yake afe, akaniambia siku moja tukikamua:

"Mama, huyu msichana amekuwa mkubwa kuliko dawati. Akimaliza la nane apate nafasi ya sekondari, sawa, nitauza ndama. Akikosa, Januari anaenda kampuni. Kule wanaandika watu."

"Nilisema hatabeba kikapu chao."

"Ulisema wewe. Wanaokula ni sisi sote."

Nilivuta chuchu za ng'ombe mpaka akanipiga teke. Mwanangu si mtu mbaya. Ni mtu aliyechoka, na aliyechoka hukata maneno mafupi.

Mwalimu wa Kiingereza alikuwa mwanamke wa kutoka ziwani. Mume wake alifanya kazi kiwanda cha chai, wakapanga chumba pale sokoni. Sikumpenda. Aliongea kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto, na alicheka na meno yote. Jioni moja akaja nyumbani bila kuitwa, akatukuta kwenye mstari wa juu.

"Hamjambo, mama. Nimekuja kuuliza. Huyu mtoto ni bubu?"

"Bubu mtafute kwenu," nikamwambia. "Huyu huongea mpaka ng'ombe wanachoka."

"Basi aongee nisikie."

Mtoto akainamia majani. Mwalimu hakubishana. Aliweka mkoba kwenye nyasi, akaingia kwenye chai na viatu vyake vya kanisani, akaanza kuchuma. Na alichuma vibaya! Alivuta majani magumu ya chini, akayatupa kwenye kikapu changu kama anayelisha mbuzi.

"Mwalimu, hayo karani wa kupima majani atakurudishia usoni. Majani mawili na ncha yake. Mawili!"

"Na huu mbona hauna ncha hata moja?"

Hapo mtoto akasahau ububu wake. "Huo umelala, mwalimu. Huwa unalala mawe yakipiga. Chuma huu wenye ndevu, huu ndio hutoa. Ule wa nyigu usiuguse." Akaanza kumwonyesha mti baada ya mti, huu una hili, huu una lile, mpaka kwenye ua wa ng'ombe. Mwalimu alisimama akimtazama, majani yamemjaa mkononi.

"Unaijua yote?"

"Yote."

"Basi tuipe kazi."

Alisema shida ya mtoto ilikuwa pale penye vitenzi visaidizi. Nikauliza hivyo ni vidudu gani. Akanieleza, na nilipoelewa niliona Wazungu wamejitesa bure. Sisi tukisema "anachuma", kazi imekwisha. Mzungu hawezi. Lazima kwanza amwite mtu wa kumshika mkono, is au has au will, ndiyo lile neno kubwa litembee. Na huyo mshika mkono habaki mmoja. Wa jana si wa leo, wa mtu mmoja si wa watu wengi, na ukiuliza swali anaruka kwenda kukaa mbele. Akiwa ni did, yeye peke yake ndiye anayevaa nguo ya jana, na neno kubwa libaki uchi. Mtoto wangu alikuwa anawavalisha wote wawili.

"Mama, kesho uje unishikie darasa," mwalimu akasema.

"Nikija nitawachapa."

"Hata hivyo uje."

Sikutaka kucheka, lakini nilicheka.

Basi kila mti ukapewa sentensi yake. Wenye ndevu ulipata "She is picking tea." Uliopinda ulipata "They have gone home." Wa nyigu, kwa kuwa unatisha, ukapewa maswali, "Did you see?" na "Does he know?" Tulipofika kwenye mti, mimi nilisema kwa Kiswahili: anachuma chai. Mtoto alichuma kwanza, halafu akasema kwa Kiingereza, halafu tukasogea. Mwalimu alikuja mara mbili tatu kwa wiki kusikiliza, na siku ambazo hakuja nilisikiliza mimi. Sikujua maana ya kila neno, lakini sikio langu lilishika. Sentensi iliyokosewa niliijua kama unavyojua chungu chenye ufa ukikigonga.

"Rudia huo."

"Nimesema sawa, kogo." Kogo ni nyanya, ndivyo anavyoniita.

"Hukusema sawa. Rudia au hatusogei, na karani anafunga."

Anarudia, inalia vizuri, tunasogea. Alianza kuongea, kwanza kwa miti, halafu kwa mwalimu. Mwaka uliofuata aliingia la nane bila kuzuiwa. Mwalimu alileta sukari, nikamtilia mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, akayanywa yote ingawa niliona yale masizi yalimshangaza.

Haikupita miezi mingi, mambo yakachafuka. Sitaki kuyasema sana. Waliokuwepo wanayajua. Watu waliouziana mahindi na kuzikiana wafu wakaanza kuulizana mtu anatoka wapi. Moshi ulionekana upande wa mpakani, kuelekea ziwani. Vijana wa kwetu, wengine wao niliwapokea mimi kwa mikono hii siku mama zao walipojifungua, walipita sokoni wakiwaambia watu wa ziwani warudi ziwani. Mwalimu alikuja kwangu asubuhi amefunga kitambaa kichwani. Siku hiyo sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama, naenda. Lori linaondoka sasa hivi."

"Utarudi?"

"Sijui."

Nilimsindikiza hadi barabarani, mimi nikitangulia, ili yeyote mwenye mdomo aanze na mimi. Hakuna aliyeanza. Walikuwa wamesimama kando ya maduka wakitazama chini kama watu waliopoteza sindano. Alipanda juu ya magodoro karibu na mume wake. Akamwambia mtoto maneno fulani kwa Kiingereza, na mtoto akamjibu, kwa sauti, barabarani, mbele ya watu wote. Mpaka leo sijui waliambiana nini. Kisha akaniambia mimi kwa Kiswahili:

"Mama, usiuache mstari."

Lori likaenda. Hatukupata habari zake tena. Shuleni hakuletwa mwalimu mwingine wa Kiingereza muhula huo wote. Watoto walikaa wakiandika tarehe ubaoni na kuifuta.

Kwa hivyo tulibaki na miti. Kila jioni mtoto alivua sare, akavaa gunia, tukaanzia kwenye grevilea. Masika yalikuwa mabaya mwaka ule, mvua ilitupiga mpaka vidole vikawa vyeupe kama vya maiti, na sisi "Did you see, does he know, they have gone home." Mwanangu akipita na mitungi ya maziwa alitikisa kichwa. Lakini ikifika mti wa mwisho mtoto hakuwa na kosa, au lilikuwa moja tu, na alilisahihisha kabla sijafungua mdomo.

Halafu mwezi wa saba nikaenda Kapkatet kumwona dada yangu aliyekuwa mgonjwa. Niliporudi, mstari wa juu haukuwepo.

Mwanangu alikuwa amepogoa. Kila mkulima anajua, chai ikifika miaka yake hukatwa mpaka magotini ili ichipuke upya, na hukatwa wakati wa baridi kama ule. Mstari ule ulikuwa umepitisha wakati wake. Yote ni kweli. Lakini nilisimama pale nikitazama. Matawi yamelazwa chini, na visiki vimesimama vyeupe, vyote sura moja, kama watoto walionyolewa kwa sababu ya chawa. Ndevu hazipo. Mkono uliopinda haupo. Nyigu wameenda zao.

"Ungeniambia," nikamwambia mwanangu. Alikuwa ananoa panga.

"Nikuambie nini, mama? Si wewe ulilalamika kwamba imekuwa mirefu, mkono haufiki?"

"Mtoto anasomea pale."

"Mama," akasema, taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa, "miti ya chai haijui Kiingereza."

Mtoto alirudi kutoka shule. Hakulia. Alitembea kutoka grevilea mpaka uani, akarudi, akasimama mahali karibu na katikati.

"Huu ni upi, kogo?"

Mimi nilidhani najua. Nikasema ni wa nyigu. Yeye akasema hapana, ni wa baada yake. Tukahesabu kutoka juu tukapata jibu moja, tukahesabu kutoka chini tukapata lingine, maana kuna mapengo palipokufa miti zamani na hatukukubaliana kama yanahesabiwa. Akajaribu kusema sentensi tu hivi hivi. Zikamchanganyika zote. Akaweka has kwa watu wengi, akavalisha did na mwenzake nguo za jana, kama mwanzo kabisa. Akaketi kwenye matawi yaliyokatwa, akafunga mdomo kwa namna ninayoifahamu.

Nikaingia ndani nikatoa nguo kuukuu. Sweta langu jekundu lililoliwa na panya, sare yake ya bluu iliyombana, na leso ya maua ya mama yake niliyoiweka chini ya godoro miaka yote. Nikachana. Nikamwambia achague, kila aina ya msaidizi na rangi yake. Nyekundu akaipa maswali, kwa ajili ya nyigu. Bluu akaipa ya mambo yanayoendelea. Na kwa yale yaliyokwisha alichukua leso ya mama yake. Sikumuuliza kwa nini. Tukafunga tambara kwenye kila kisiki mpaka uani, na kesho yake jioni tukaanza upya. Ilichukua muda, lakini ilirudi. Nilisikia chungu kikilia vizuri tena.

Kitu ambacho sikukifikiria ni njia ya kanisani. Inapita juu ya shamba letu. Kila mtu aliona visiki vimefungwa mafundo ya rangi, na mbele yake bibi kizee na msichana wakinung'unika maneno yasiyosikika vizuri, wanasogea, wananung'unika tena. Kwetu mtu hafungi kitu shambani bila sababu, na sababu inayojulikana ni moja. Hata hivyo labda wangenyamaza. Lakini siku hizohizo mvua ya mawe ilipiga. Ninyi mnaojua mawe ya Kericho mnajua yanavyotembea, yanapita kwa mkanda, yanaharibu kwa huyu na kuruka kwa yule. Yalipiga ng'ambo ya njia, jirani zangu wakabaki na vijiti. Kwangu hayakugusa.

Mkanda uliishia mstari wa juu, na pale yangegusa nini? Nilikuwa na visiki! Lakini nani alikuwa anafikiria.

Kwenye kituo cha kununulia majani, nilipopeleka yale ya mistari ya chini, foleni ikaanza kuachana nami. Mbele yangu nafasi, nyuma yangu nafasi. Mwanamke mmoja, ambaye tulikuwa tukisaidiana kuinua vikapu, akasema bila kunitazama:

"Wengine wanalala vizuri. Mvua yao wameifunga."

"Ningejua kufunga kitu," nikamwambia, "ningeanza na mdomo wako."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Ningenyamaza. Lakini si tabia yangu.

Siku ya tatu yake wazee wa kanisa wakaja nyumbani, pamoja na akina mama wa chama cha wanawake, wamevaa vitambaa vyao vyeupe. Mwanangu akawatolea viti nje. Walikataa chai. Mtu wa kwetu akikataa chai yako amekuhukumu tayari.

"Mama," mzee akaanza, "hatukuja kwa ubaya. Yale matambara ni ya nini?"

"Ni Kiingereza."

Wakatazamana.

"Kiingereza kinafungwa kwa matambara?"

"Cha mtoto wangu kinafungwa. Mti huu una neno lake, na ule lake. Mwanangu alikata miti, tukapotea, nikaweka alama. Basi."

"Mama, sisi wote tumesomesha watoto. Hatujaona hivyo."

"Hamjaona, ndiyo maana nawaambia. Mwiteni mtoto. Mpelekeni pale. Awaambie mti kwa mti."

Wakamwita. Nilijua nimewashinda. Mtoto akaja akasimama mbele yao, na mimi nikasahau kitu kimoja: nilimlea mwenyewe. Kwetu msichana hainui macho mbele ya wazee waliokaa kwenye viti, wala hasemi mbele yao maneno wasiyoyaelewa, kana kwamba anawapita. Nilimfundisha hivyo tangu akiwa wa kushikilia sketi yangu. Na hawa walikaa kama siku ya kukata kesi. Mzee akamwambia, "Sema, mtoto wetu, usiogope." Mtoto akatazama vidole vya miguu. Mzee akamwambia tena. Mama mmoja akaanza kuomba kwa sauti ya chini. Nikamwambia, "Sema tu ule wa kwanza. Anachuma chai." Akaanza kuchora udongo kwa kidole cha mguu. Hakutoa kitu.

"Basi, mama," mzee akasema akiinuka. "Tutamwachia Mungu." Akamgeukia mwanangu. "Yatoe yale, kijana. Kwa amani ya watu."

Mwanangu aliaibika mpaka masikio. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alichukua panga akaenda kukata mafundo, lakini akamkuta mtoto ametangulia. Nilimfuata nyuma. Mtoto alikuwa anayafungua mwenyewe, kuanzia grevilea, moja moja, na kila fundo akilifungua alisema sentensi yake, wazi, kwa sauti ya mtu anayeongea na mwenzake. Hakukosea hata moja. Wazee walikuwa tayari wamefika barabarani. Mwanangu alisimama na panga lake, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akageuka akaenda kwa ng'ombe. Matambara tukayachoma pamoja na matawi. Ile leso nayo. Moshi wake ulikuwa mchungu.

Mtihani ulipofika, aliniambia baadaye, alipofungua karatasi ya Kiingereza alifumba macho akaanzia kwenye grevilea. Aliona miti ile ya zamani kabla haijakatwa, ndevu zikiwepo, nyigu wakiwepo. Akatembea mpaka uani. Akamaliza kabla ya wengine.

Mimi nikaosha kibuyu, nikakisugua ndani kwa kaa la mti wa kazi hiyo, nikaweka maziwa yagande kwa ajili ya siku ya matokeo. Kwetu anayerudi na ushindi anapokelewa kwa mursik mbele ya mlango. Niliweka mapema kwa sababu sikuwa na shaka. Nilifagia hadi njia.

Mwalimu mkuu alinipa kiti. Niliona kiti kile nikajua.

"Mama, Kiingereza alijitahidi sana. Sana. Katika darasa lote ni wachache waliompita."

"Na nafasi?"

Akapanga karatasi zake, zilizokuwa zimepangwa tayari.

"Hesabu, mama. Na sayansi. Na yale mengine. Zikijumlishwa, hazifiki."

Hesabu! Mwaka mzima, kila jioni, tulikuwa tumeweka mikono yote miwili kwenye mahali palipovuja, na maji yakapitia upande mwingine. Hakuna aliyeniambia kuna upande mwingine. Au waliniambia, na mimi nilikuwa nasikiliza chungu kikilia.

"Arudie," nikasema.

"Amekuwa mkubwa, mama."

Nyumbani mwanangu hakuniambia "nilisema". Hilo nampa. Alikaa kwenye gogo akichokonoa udongo kwa fimbo. Nikajitayarisha kwa vita, nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Mtoto ndiye aliyesema.

"Nitaenda, kogo."

"Huendi. Nilisema kaburini."

"Mama yangu hatakugombeza," akasema. "Nitaenda."

Akaenda Januari, na kiroba cha nguo na kile kibuyu cha mursik, nilichomlazimisha kukichukua. Walimpa kikapu na aproni ya nailoni. Walimpa chumba kwenye laini ileile ya nyumba alikolala mama yake. Sijui kama ni chumba kilekile na sikuuliza. Nilipomtembelea wakati wa mvua niliweka mgongo wangu mlangoni kuzuia upepo, nikasikiliza kifua chake akiwa amelala mchana. Nilisikia pumzi tu. Lakini mimi nikisikia pumzi sasa nasubiri kinachofuata.

Visiki vilichipuka. Chai ni kitu kisicho na aibu, unaikata na inakuja. Mwanangu akaipima kwa fimbo, akaisawazisha, na mwisho wa mwaka mstari wa juu ulikuwa kijani kibichi, laini, na miti ikaanza tena kuwa na sura zake. Nyigu walirudi. Sikujua kama wangerudi.

Mtoto alikuja nyumbani kwa Krismasi. Alikuwa amejaa mabega, na mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu mpaka kwenye mikunjo. Asubuhi akachukua kikapu bila kuambiwa, tukaingia mstari wa juu. Kwenye mti wa kwanza nikasema, kama zamani, "Anachuma chai." Nikasubiri.

Alichuma, akasogea.

Kwenye uliopinda nikasema, "Wameenda nyumbani." Akasogea. Wa nyigu tuliupita kimya. Nikaona basi, nitasema mwenyewe, na nikasema, kwa Kiingereza changu cha kusikia, maneno ya mti baada ya mti. Mwaka mzima nilikuwa nayasema peke yangu jioni ili yasipotee, na hakukuwa na wa kunisikiliza. Karibu na ua akageuka.

"Umekosea huo, kogo."

Nikamsogelea haraka. "Nimekosea wapi? Niambie unavyosemwa."

Alinitazama. Si kwa ubaya. Alinitazama kama mwanangu anavyonitazama.

"Wa nini sasa?" akasema.

Akageukia chai. Alichuma kama wa kampuni, mikono miwili kwa pamoja, vidole haviangaliwi, majani yanarushwa nyuma ya bega bila kupoteza hata moja. Sijawahi kuona mtu wa boma letu akichuma vizuri hivyo. Kikapu chake kilijaa kabla changu hakijafika nusu.